Mvua Iliyopimwa kwa Ajili ya Wengine: Ukanda wa Mvua, Pepo za Msimu na Mabonde ya Dar es Salaam

Kila mwaka, Machi inapoelekea ukingoni, Dar es Salaam hurudia mazungumzo yale yale. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, daladala za Mbagala hukwama, wakazi wa Kigogo na Tandale hupandisha magodoro juu ya meza, na viongozi hutangaza kwamba mvua za mwaka huu si za kawaida. Baada ya majuma kadhaa jua huwaka, matope hukauka, na kauli hiyo husahauliwa mpaka vuli iifufue tena mwezi Novemba.

Makala haya yanataka kuipinga kauli hiyo kwa kutumia historia. Mvua inayojaza mabonde ya Kinondoni na Temeke si mgeni asiye na jina. Ni sehemu ya mfumo mkubwa unaoziunganisha pwani yetu, India na Bahari ya Hindi nzima. Mfumo ambao mabaharia wetu waliujua kabla ya kuwapo vipimajoto, na ambao serikali ya kikoloni iliupima hapa kwa makini sana, ingawa haikuupima kwa faida yetu. Swali la kisiasa ninaloliweka mbele ya msomaji ni hili: maarifa ya mvua yakishakusanywa, humtumikia nani?

Ukanda usiotulia

Tuanze na mbingu yenyewe. Karibu na ikweta, kuizunguka dunia yote, upo ukanda wa mawingu na mvua. Hewa iliyopashwa joto na jua hupanda juu, na pepo za kaskazini na za kusini huja kuijaza nafasi iliyoachwa. Zinapokutana, mvuke zilioubeba kutoka baharini hupaa, hupoa, kisha hurudi ardhini ukiwa mvua. Msomaji anayesikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ameshakutana na maneno haya: ukanda wa mvua, makutano ya upepo.

Ukanda huo hautulii mahali pamoja. Hulifuata jua, ila huchelewa nyuma yake kwa majuma kadhaa. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na karibu na juma la pili la Oktoba likirudi kusini. Nyuma ya safari ya kwanza huja masika, nyuma ya safari ya pili huja vuli. Dodoma, Mbeya na Songea, zilizo upande wa mwisho wa safari ya ukanda huo kusini, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Sisi wa pwani tupo njiani. Hupitiwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Ukanda unapotuacha mwezi Mei, safari yake haijaisha. Kufikia Juni na Julai umefika India, nyanda za juu za Ethiopia na ukanda wa Saheli. Hapo ndipo kusi huvuma kwa nguvu katika pwani yetu. Upepo huo huvuka ikweta, hupindwa na mzunguko wa dunia kuelekea kulia, kisha huingia India kutoka kusini-magharibi ukiwa umesheheni mvuke. Hizo ndizo mvua za kiangazi za India, zinazoitwa monsuni duniani kote. Neno lenyewe si geni kwetu: limetokana na mawsim la Kiarabu, ambalo ndilo lililotupa sisi neno msimu.

Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, John Findlater, alieleza jambo linalopaswa kuwamo katika kila kitabu chetu cha jiografia. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa inayovuka ikweta kuelekea India wakati wa kiangazi cha kaskazini haivuki mahali popote tu baharini. Husongamana katika mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, usio juu sana kutoka usawa wa bahari, unaopita kando ya Afrika Mashariki. Milima na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia huuzuia usitawanyike kuelekea magharibi, hivyo huwa kama ukuta wa mfereji. Mkulima wa Maharashtra hutegemea upepo uliopita karibu na mlango wetu.

Safari ya ukanda huu pia haiendi kwa mwendo mmoja. Mwaka 1980 wanasayansi wa India, Sikka na Gadgil, walitumia picha za setilaiti kuonyesha kwamba wakati wa kiangazi huwapo mahali pawili panapowania mvua: pamoja juu ya bara la India, na pengine juu ya bahari karibu na ikweta. Mikanda ya mawingu huzaliwa baharini na kusogea kaskazini kwa awamu, ikiihuisha mvua ya bara inapofika. Ukanda wa baharini unapokaa muda mrefu mahali pake, India hupata siku za ukavu katikati ya msimu. Kabla ya hapo, mwaka 1971, Wamarekani Madden na Julian walikuwa wamegundua wimbi lingine la hewa na mawingu, linalosafiri kuelekea mashariki katika tropiki na kurudi baada ya siku 40 hadi 50 hivi. Ndiyo maana hata masika yetu huja kwa vipindi: juma la mvua isiyokatika, majuma mawili ya jua, kisha mvua tena. Asiyejua hili hudhani mvua imekwisha, akaanza kujenga upya ukuta ambao wimbi lijalo litaubomoa.

Waliojua kabla ya vipimo

Yasije yakadhaniwa kuwa maarifa haya yaliletwa na meli za Ulaya. Edmond Halley alichapisha maelezo na ramani ya pepo za tropiki mwaka 1686, lakini kwa karne nyingi kabla yake majahazi yalikuwa yakija pwani yetu kwa kaskazi, kuanzia Desemba, na kurudi Arabuni na India kwa kusi. Nahodha aliyekosea majira alipoteza mwaka mzima akisubiri upepo ugeuke, au alipoteza chombo.

Waswahili waliitunza elimu hiyo katika kalenda. Pamoja na miezi ya Kiislamu inayofuata mwezi mwandamo, pwani ilikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, ambao siku zake zilihesabiwa kwa makumi. Kwa hesabu hiyo watu walijua wakati wa kupanda, wakati wa kuvua na wakati wa kuivuta mitumbwi pwani. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, inayofanyika kila Julai, ni mabaki hai ya kalenda hiyo. Wengi huitazama kama tamasha la watalii. Chini yake lilikuwapo jambo zito: jamii iliyopanga shughuli zake kulingana na mwendo wa pepo na mvua.

Kipimo cha Unguja

Kati ya 1876 na 1878 mvua za kiangazi zilishindwa katika sehemu kubwa za India, na mamilioni ya watu walikufa kwa njaa chini ya serikali ya Uingereza iliyoendelea kudai kodi na kuruhusu nafaka kusafirishwa nje. Idara ya Hali ya Hewa ya India ilikuwa imeanzishwa mwaka 1875, mwaka mmoja tu kabla ya balaa hilo. Kutoka hapo ikapewa kazi ngumu: kutabiri mvua ya kiangazi kabla haijaanza. Kwa watawala, utabiri huo ulikuwa jambo la uhai wa watu, lakini vilevile ulikuwa jambo la mapato, kwa kuwa mwaka mbaya wa mvua ulikuwa mwaka mbaya wa hazina.

Mwaka 1904 idara hiyo ilimpata mkuu mpya, Gilbert Walker, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge aliyeiongoza mpaka 1924. Walker aliacha kubahatisha kwa macho, akaanza kutafuta uhusiano wa tarakimu kati ya mvua ya India na hali ya hewa ya sehemu nyingine za dunia. Katika hesabu yake ya mwaka 1910 alitumia viashiria vinne: theluji ya milima ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius, mgandamizo wa hewa wa Amerika Kusini, na mvua ya Unguja.

Tusimame hapo kidogo. Mvua ya masika iliyoanguka Unguja, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari kutoka Dar es Salaam, ilipimwa, ikaandikwa, ikatumwa, na kuingizwa katika hesabu ya kutabiri mavuno ya nchi iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa. Uhusiano wenyewe ulikuwa wa kinyume: masika ikizidi Unguja, monsuni ya India ilitarajiwa kuwa dhaifu. Kwa elimu ya leo, mantiki yake haieleweki kwa shida. Ukanda wa mvua unapokawia karibu na ikweta ukimwaga maji yake huku, safari yake ya kaskazini huchelewa, na pepo zinazopaswa kuulisha msimu wa India huchelewa kujipanga. Neema ya mmoja ilikuwa onyo kwa mwingine.

Uhusiano huo haukudumu. Baadhi ya viashiria vya Walker vilipoteza nguvu kadiri miaka ilivyopita, na warithi wake walilazimika kubadilisha hesabu. Lakini utafutaji wake ulizaa jambo kubwa zaidi: katika muongo wa 1920 alieleza jinsi mgandamizo wa hewa unavyopanda upande mmoja wa Bahari ya Pasifiki na kushuka upande wa pili kwa zamu, ambao leo tunajua ni nusu ya jambo lile tunaloliita El Niño.

Kwa mtu wa siasa, somo la kipimo cha Unguja halipo katika usahihi wake. Lipo katika uelekeo wake. Tarakimu zilitoka hapa kwenda kule. Mpima mvua alikuwa pwani yetu. Aliyepanga bajeti kwa tarakimu hizo alikuwa ng'ambo. Wajerumani nao walipima mvua Dar es Salaam tangu muongo wa 1890, na Waingereza walianzisha huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi mwaka 1929. Kazi hizo zilihudumia mashamba ya mazao ya kuuza nje, bandari, na baadaye ndege. Mkulima wa mpunga wa Rufiji au mkazi wa kibanda cha makuti kando ya Msimbazi hakuwa msomaji aliyekusudiwa.

Mvua za Uhuru

Mwaka 1961 Tanganyika ilianza kwa uhaba wa chakula uliosababishwa na ukame. Ukamalizika kwa gharika. Vuli ya mwaka huo ilikuwa kubwa mno katika Afrika Mashariki nzima, na bendera mpya ilipopandishwa 9 Desemba ardhi ilikuwa imelowa. Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na vijiji vya kando yake vikahama. Miezi michache kabla ya vuli hiyo, India nayo ilikuwa imepata mojawapo ya monsuni zenye mvua nyingi kuliko zote zilizopata kupimwa.

Wakati huo hakuna aliyeweza kuunganisha matukio hayo mawili kwa jina. Jina lilikuja miaka 38 baadaye. Mwaka 1999 Saji na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti Japani, walieleza kitu kinachoitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Katika miaka fulani maji ya bahari upande wa Afrika Mashariki hupata joto kuliko kawaida, na maji ya upande wa Sumatra hupoa. Ukanda wa mvua, ambao hupenda bahari yenye joto, huvutwa kuelekea magharibi. Sisi hupata vuli ya mafuriko. Indonesia na Australia hupata ukame. Mara nyingi hali hiyo pia huisaidia monsuni ya India. Wanasayansi walipoyarudia majalada ya zamani, 1961 ilijitokeza kama mfano dhahiri.

Hali hiyo imejirudia. Mwaka 1997 ilikutana na El Niño kubwa, na wengi waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka barabara zilizokatika na kipindupindu kilichofuata. India, iliyotarajiwa kupata ukame kwa sababu ya El Niño, ilipata mvua za kawaida. Mwaka 2019 India ilipata monsuni nzito kuliko zote za miaka 25 iliyotangulia, na miezi michache baadaye vuli ikaifurika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa 2023 dipoli na El Niño vilikutana tena.

Ni kweli kwamba masika ni ngumu kuitabiri kuliko vuli, kwa sababu haifungamani sana na joto la bahari kwa namna hiyo. Lakini haiwezekani tena kusema kwamba vuli kubwa hutuvamia gizani. Bahari huanza kutoa dalili miezi kadhaa kabla, na wahenga walikwishasema kuwa dalili ya mvua ni mawingu.

Mji uliojengwa katika njia ya maji

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga Dar es Salaam katika muongo wa 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, kwa sababu ya bandari yake iliyokingwa dhidi ya kaskazi na kusi. Mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao. Waingereza waliugawa mji kwa rangi: Wazungu wakapewa upande wa pwani uliopulizwa na upepo wa bahari, Wahindi wakapewa katikati, Waafrika wakapewa Kariakoo na Ilala. Katika mpango mkuu wa 1949 nafasi za wazi zilitumika kutenganisha maeneo hayo. Bonde liliachwa tupu kwa sababu lilikuwa mpaka. Uwezo wake wa kubeba maji ulikuwa faida ya ziada.

Baada ya Uhuru mipaka ya rangi iliondolewa na watu wakaja. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu takriban 270,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa. Viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa kasi hiyo hata kidogo. Watu wakajipimia wenyewe, na ardhi ya bei nafuu iliyo karibu na kazi ilikuwa ile ambayo mpango uliiacha: mabonde.

Majina yenyewe yalituonya. Mtoni, Temeke, panaitwa Mtoni kwa sababu upo mto. Bonde la Mpunga, Msasani, lilikuwa mahali ambapo maji yalituama kiasi cha kufaa mpunga. Kijitonyama imebeba kijito ndani ya jina lake, na Mto Ng'ombe unaopita Tandale haujaacha kuwa mto kwa kuwa tu umezungukwa na nyumba. Nasema hivyo bila kuwacheka wakazi wa Tandale. Msasani na Mikocheni zimo nyumba za watu wenye uwezo, zenye kuta na hati, zilizojengwa juu ya njia za maji vilevile. Tofauti ni kwamba ukuta wa tajiri huyasukuma maji kwa jirani, na neno "mvamizi" humfikia jirani huyo tu.

Desemba 2011, majuma mawili hivi baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, mvua iliyonyesha kwa siku chache mfululizo iliufurisha mto Msimbazi. Zaidi ya watu 40 walikufa katika jiji. Serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, kilomita takriban 30 kutoka katikati ya mji. Viwanja vilikuwa vikubwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini mama aliyeishi kwa kuuza chakula kwa vibarua wa Kariakoo hakuhamishiwa wateja wake.

Tangu hapo mafuriko yameendelea, na hata karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani imefunikwa na maji zaidi ya mara moja. Huo haukuwa uvamizi wa maskini asiye na ramani. Ulikuwa uamuzi uliosainiwa ofisini.

Upande wa pili wa mkasa huo huo ni kiu. Oktoba 2022, vuli ilipochelewa, mto Ruvu ulishuka na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji. Ndoo zikapanda bei Kinondoni na Temeke. Jiji linaloweza kuzama mwezi Aprili likakosa maji ya kunywa mwezi Oktoba, kwa sababu lilitegemea maji yanayopita mtoni siku hiyo bila kuwa na akiba ya kutosha iliyokingwa msimu uliotangulia. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa, lilisainiwa mkataba wake mwaka huo huo wa 2022.

Kisha ikaja 2024. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua, mafuriko na maporomoko. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Watu walisema jambo kama hilo halijawahi kutokea. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu na kuziharibu meli za Sultani Barghash. Kusahau ni anasa ambayo pwani yetu haiwezi kuigharimia.

Ni nani anapima, na kwa ajili ya nani

Mtumishi wa umma anayesoma haya anaweza kunijibu kwa haki: utabiri hutolewa, matangazo hupigwa, na watu hukataa kuhama. Sikatai. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 nchi hii ililazimika kujenga huduma yake ya hali ya hewa karibu upya, na kutoka kurugenzi ya 1978 hadi mamlaka tuliyonayo tangu 2019 imepigwa hatua kubwa. Kabla ya vuli na kabla ya masika mwelekeo wa msimu hutangazwa, na mara nyingi ni mwelekeo mzuri.

Tatizo lipo baada ya tangazo. Mwaka wetu wa fedha huanza 1 Julai. Vuli huanza Oktoba. Fedha ya kuzibua mfereji inayofika kwenye kata mwezi Desemba huzibua mfereji uliokwisha kufurika. Kalenda ya Nairuzi iliijua mvua; kalenda ya hazina haiijui. Tena tangazo linalosema mvua itakuwa "juu ya wastani" halimwambii mjumbe wa shina wa Yombo maji yatafika kwenye nyumba ya ngapi. Na mkazi aliyeishi bondeni miaka 30, akalipa kodi, akaungiwa umeme, na pengine akapewa leseni ya makazi katika mpango ulioanza 2004, hawezi kuelewa kwa nini anageuka mvamizi siku ya mvua.

Ipo mifano ya njia nyingine, na ipo hapa hapa. Katika muongo wa 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walishiriki kujenga mifereji na barabara za mtaa wao kwa kazi ya mikono yao yenye ujira, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wadau wengine. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwamo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam: mifereji, vichochoro, na alama ya ukutani inayoonyesha maji yalipofika. Ukilinganisha na kipimo cha Unguja, utaona uelekeo umegeuka. Anayenyeshewa ndiye anayepima, na kipimo kinabaki kwake.

Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022. Mpango wake ni bonde kuchimbwa, daraja la Jangwani kuinuliwa, na wakazi wengi kupisha. Ninauunga mkono kwa masharti ambayo wanaharakati na wanafunzi wanapaswa kuyasimamia. Anayehamishwa ahamishiwe mahali penye riziki yake, wala si penye ardhi tupu tu. Fedha za matengenezo ya mifereji ziwe zimefika kwenye mitaa ifikapo Septemba na Februari, kabla ya ukanda wa mvua kupita kwenda na kurudi. Mwelekeo wa msimu utafsiriwe kwa ramani za wakazi, mtaa kwa mtaa. Na kibali cha ujenzi katika njia ya maji kikinyimwa Kigogo, kinyimwe Mikocheni pia.

Ukanda wa mvua utarudi mwezi Oktoba, kisha Machi, kama ulivyorudi kabla ya Majid na kabla ya Walker. Miaka mingine utakawia juu yetu, miaka mingine utaharakisha kwenda kuinywesha India, na miaka mingine bahari yenye joto itauita kwetu kwa hasira. Hatuna mamlaka juu ya mwendo huo. Tuna mamlaka juu ya mfereji, bajeti na kibali. Kiongozi atakayesimama tena Jangwani na kusema mvua hizi si za kawaida aulizwe swali moja, kwa adabu: mwelekeo wa msimu ulipotangazwa, wewe ulifanya nini?